Mama wa Nyumbani Alichangia Nini?



Safari ya daladala kutoka Gongo la Mboto hadi Kariakoo, foleni ikiwa nzito, inatosha kuendesha kikao kizima cha Bunge. Juma lililopita nilikuwa ndani ya gari moja la namna hiyo, tumekwama karibu na Tazara, abiria mmoja alipoanza kusimulia habari za jirani yake. Jirani huyo ni fundi magari. Ameachana na mkewe baada ya miaka mingi ya ndoa, na sasa mwanamke amekwenda mahakamani kudai sehemu yake katika nyumba. "Mwanamke mwenyewe hajaajiriwa hata siku moja," alisema msimulizi. "Sasa alichangia nini?"

Mnajua ilivyo. Dakika tano hazikupita, gari zima limejaa mawakili. Kijana mmoja wa dirishani akasema kwamba siku hizi sheria ni nusu kwa nusu, ukiachana na mke unakata nyumba katikati kama mkate, na ndiyo sababu vijana hawaoi. Konda akadakia kwamba hata kuoa si lazima. Ukikaa na mwanamke miezi sita tu, umekwisha, ni mkeo. Mzee mmoja mwenye kofia akasema kwa upole kwamba mali ya mume ni ya mume na mali ya mke ni ya mke, mambo ya kuchanganya ni mageni. Hapo mama mmoja aliyekuwa amepakata kapu lake akauliza: "Na hao watoto walijilea wenyewe? Nguo za huyo fundi zenye mafuta ya magari alizifua nani?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa asubuhi ile. Msimulizi akamgeukia: "Kwani mama, wewe umeolewa?"

Gari likaangua kicheko. Mama akatazama nje. Mjadala ukafia hapo, watu wakahamia kwenye mpira.

Ndugu wasikilizaji, yapo mambo mawili hapa ambayo nisingependa yapite hivi hivi. La kwanza ni hiyo namna yetu ya kujibu hoja kwa kumuuliza msemaji yeye ni nani. Mtu akihoji fedha za mradi wa maji anaulizwa ni wa chama gani. Mwanamke akichukua fomu ya udiwani anaulizwa mumewe anasemaje. Akizungumzia ndoa, kama ameolewa ataambiwa kwamba kwake pana matatizo, na kama hajaolewa ataambiwa ana wivu. Kwa kipimo hicho hakuna mwanamke mwenye sifa ya kusema. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipokuwa akiwakusanya akina mama wa Dar es Salaam, wengi wao kutoka vikundi vya ngoma, ili waingie TANU, kama wote wangetaka kwanza kujua habari za nyumbani kwake badala ya kusikiliza alichokuwa akisema, sijui kadi zingeuzwa na nani.

La pili ndilo lililonifanya nikae na kuandika. Swali la "alichangia nini" tunaliuliza kila juma, katika daladala, saluni, kwenye kahawa na kwenye simu zetu, kana kwamba ni swali jipya lisilo na jibu. Jibu lipo. Lilitolewa mwaka 1983 na Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mahakama ya juu kuliko zote katika nchi hii. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, na sisi bado tunabishana.

Mimi nilisomea uandishi wa habari, sheria sikuisomea. Lakini hukumu hii si siri. Imechapishwa katika ripoti za kesi za Tanzania za mwaka huo, na wanafunzi wa sheria huipata mapema kabisa katika masomo yao. Ni kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu.

Kwanza tujue sheria yenyewe ilitoka wapi, maana wapo wanaodhani ililetwa juzi na wafadhili. Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wenye mapendekezo ya sheria moja ya ndoa kwa watu wote wa Tanzania Bara, wa dini zote na makabila yote, ikawaalika wananchi wautolee maoni. Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa mwaka 1971, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo. Zanzibar haimo; wenzetu kule wana utaratibu wao. Kifungu cha 114 cha sheria hiyo kinaipa mahakama uwezo, inapovunja ndoa au kutenganisha wanandoa, kugawa mali waliyochuma kwa juhudi zao za pamoja. Kinaitaka mahakama itazame, pamoja na mambo mengine, kiasi alichochangia kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi.

Kwa kazi. Neno hilo moja ndilo lililozua ubishi mkubwa, na si wa kwenye daladala. Majaji wenyewe wa Mahakama Kuu waligawanyika pande mbili. Wapo waliosema kwamba kupika, kufua na kulea ni wajibu wa kawaida wa mke, na huwezi kuuita mchango wa kuchuma mali. Wengine wakasema kazi ni kazi, sheria haikusema kazi ya ofisini. Kwa hiyo yule abiria asione haya sana. Swali lake liliwasumbua watu wenye majoho.

Ndipo ikaja kesi ya Bi Hawa. Alikuwa mke wa nyumbani, hana mshahara. Ndoa ilipovunjika alidai sehemu ya mali. Huko chini ilikoanzia kesi alionekana kuwa ni mke tu, na nyumba ni ya mume aliyetoa fedha. Akakata rufani, akakata tena, mpaka Mahakama ya Rufani. Jaji Mkuu wa wakati ule, Francis Nyalali, ndiye aliyesoma hukumu. Mahakama ilisema kwamba ustawi wa familia ni sehemu muhimu ya shughuli za kiuchumi za mtu mwenye familia, kwa hiyo anayechangia ustawi huo anachangia kupatikana kwa mali. Juhudi za pamoja, ikasema, zinajumuisha juhudi na kazi za nyumbani za mume na mke. Majaji walikumbusha pia kwamba sheria ya 1971 ilitungwa ili kutibu maradhi ya zamani, yaani wanawake walioolewa kunyonywa kazi yao na kuondoka mikono mitupu.

Naam, yule mama wa kapu aliuliza jambo lile lile waliloliuliza majaji: nani alifua?

Lakini sitaki kuwapeni nusu ya habari, kwa sababu nusu ya habari ndiyo hiyo tunayoilalamikia. Bi Hawa, ambaye jina lake linatajwa hadi leo mahakamani kila mke wa nyumbani anapodai haki yake, hakupata ile sehemu aliyoidai. Ilionekana kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za mradi wa maendeleo ya familia, naye akazitapanya. Mahakama ikasema mke anayefuja fedha za namna hiyo anahesabiwa kwamba hakutoa mchango, na kile alichofuja kinahesabiwa kuwa alikwishalipwa mgao wake mapema. Basi mwanamke huyu aliwashindia wenzake hoja, akaondoka bila alichokifuata. Tangu niisome hukumu hiyo nimekuwa nikimfikiria. Sijui kama alipotoka nje ya jengo lile mtu yeyote alimwambia alichokuwa amekifanya.

Nalisema hilo kwa yule kijana wa dirishani pia. Sheria haisemi nusu kwa nusu tu basi. Inasema mahakama itazame desturi za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja, madeni waliyoyachukua kwa faida yao wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hayo ndipo ielekee kwenye usawa. Kuelekea si kufika. Katika miaka ya karibuni Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba kiwango cha mchango ni jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi. Aliyeoa leo na kuachana kesho hakatwi nyumba katikati. Mzee wa kofia naye alikuwa na sehemu ya ukweli, maana sheria hiyo hiyo inasema kwamba ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali. Mke anaweza kuwa na shamba lake na mume gari lake. Lakini nyumba ya mmoja iliyokuwapo kabla ya ndoa, kama iliongezwa vyumba na kuendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au na wote wawili wakati wa ndoa, nayo inaingia katika hesabu. Na konda asitishe watu kwa miezi sita yake: sheria inataja miaka miwili au zaidi, tena watu hao wawe wanajulikana kama mke na mume, na hata hapo ni dhana tu ambayo mtu anaweza kuipinga kwa ushahidi.

Jirani zetu wa Kenya wamepita njia ndefu zaidi. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ya huko ilikataa kuihesabu kazi ya mke isiyo ya fedha. Ikaja Katiba ya 2010, kisha sheria ya mali ya ndoa ya 2013 ambayo inataja waziwazi kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa ni mchango. Hata hivyo Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kwamba usawa katika ndoa hauna maana ya kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe mchango wake. Kwa hiyo mzigo wa ushahidi uko pande zote mbili za mpaka.

Ushahidi. Hapa ndipo nataka niende taratibu kidogo, kwa sababu ya barua moja.

Imetoka kwa mama wa hapa jijini, sitamtaja jina wala mtaa. Ameolewa miaka ishirini na miwili. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, anaondoka siku kumi na tano, ishirini. Nyumba ilijengwa hivyo hivyo kidogo kidogo, na mama huyu ndiye aliyekuwa akisimamia mafundi, akihesabu mifuko ya saruji na kulala kwenye banda na watoto ili matofali yasiibiwe. Asubuhi alipika maandazi akauza, fedha zikaenda kwenye ada na chakula, hivyo mshahara wa mume ukabaki kununua mabati. Mwaka juzi mume akasema amechoka naye. Pakaitwa kikao cha ukoo. Wazee wakakaa, wakasema mke atoke na vitu vyake, navyo wakavitaja: cherehani, kitanda kimoja, vyombo. Akauliza kuhusu nyumba. Shemeji yake akamjibu kwa swali mnalolijua: "Shemeji, wewe ulichangia nini?" Watu wa kijiweni, ambao habari ziliwafikia kabla ya jua kuzama, wakakubaliana na shemeji. Hata shoga zake saluni wakamwambia kwamba bila risiti zenye jina lake asijisumbue. Akatoka na cherehani. Anakaa kwa dada yake na mtoto mmoja. Anauliza: je, ndiyo imekwisha?

Wasikilizaji, tazameni jinsi jambo hili lilivyofanyika. Hakuna aliyempiga mama huyu wala aliyeghushi hati. Ameondolewa katika nyumba yake kwa hoja tu, hoja iliyokwisha kushindwa mahakamani mwaka 1983, na watu waliomwondoa walikuwa na hakika kabisa kwamba wanasema sheria. Wengine walikuwa wakimhurumia. Ndiyo maana siwezi kuyaita maneno ya kijiweni kuwa ni porojo za kupitisha muda. Yapo majumba yanayogawanywa kwa porojo hizo.

Nilikwenda kwa mwanasheria mmoja, akanipa jibu ambalo nimemfikishia mama huyu. Kikao cha ukoo si mahakama. Kisheria hakivunji ndoa na hakigawi mali. Kwa kuwa hapajatolewa amri yoyote ya mahakama ya kuvunja ndoa hiyo, yeye mbele ya sheria bado ni mke, hata kama analala kwa dada yake. Njia inaanzia kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo linapatikana katika kata. Wapo pia viongozi wa dini wenye mabaraza yanayotambuliwa. Wakishindwa kusuluhisha, baraza linatoa hati ya kusema hivyo, na kwa hati hiyo anakwenda mahakamani, hata Mahakama ya Mwanzo. Huko ndiko atakakoulizwa alichangia nini, lakini safari hii atakuwa anaulizwa na mtu anayepaswa kusikiliza jibu. Risiti zikiwapo ni vizuri. Zisipokuwapo, fundi aliyejenga yupo hai, na muuza matofali yupo. Wapo majirani waliomwona akibeba maji ya zege alfajiri. Hao ni mashahidi, na ushahidi wa mdomo ni ushahidi.

Kuna jambo jingine ndani ya sheria hiyo hiyo ya 1971 ambalo nalo linabishaniwa sana, la umri wa kuolewa. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka kumi na minane vinapingana na Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufani, ikashindwa tarehe 23 Oktoba 2019, na mwaka mzima baada ya hapo ukapita bila Bunge kufanya marekebisho. Hilo linahitaji juma lake lenyewe, silichanganyi na hili.

Nimalizie kwa barua ya pili, kwa sababu imenifanya nicheke kisha nikaacha kucheka. Mwandishi ni mwanamume. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilifungwa, akakosa kazi nyingine. Mkewe ni muuguzi, ana zamu za usiku. Wakapatana kwamba baba abaki na watoto, na kwa miaka tisa amekuwa akipika, akiwaogesha, akiwapeleka shule na kuchimba msingi wa nyumba waliyoijenga Kibaha kwa mikopo ya mama. Kiwanja kimeandikwa jina la mke. Sasa ndoa imeharibika na mke anamwambia atoke. Anataka kujua kama sheria ya Bi Hawa ni ya wanawake peke yao.

Si ya wanawake peke yao. Hukumu ilitaja kazi za mume na mke. Nimemwandikia hivyo, nikamweleza habari za baraza la kata, nikamshauri amtafute fundi aliyejenga na mwalimu wa shule ambaye kwa miaka tisa amemwona yeye ndiye akija kwenye vikao vya wazazi. Amenijibu kwa ujumbe mfupi wa simu. Anasema ameelewa, lakini aliwaeleza wenzake wa kijiweni na wamemshauri asiende. Wamemwambia atakapofika mbele ya baraza na kusema alikuwa akifua nepi, watu watamcheka.